Karai Moja

Bukuru alitangulia, Butoyi akafuata
kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono.
Tangu hapo sijawaona wakishindana
ila kwa kitumbua cha mwisho.

Sasa Bukuru anasimama mlango wa Taji Jekundu,
Butoyi ng'ambo, mlango wa Mbayuwayu,
lami katikati, hatua ishirini na mbili
(nimezihesabu nikiwapelekea chakula),
kila mmoja na fulana ya kampuni,
wakiwaita watu wale wale:
makarani wa bandari, wanafunzi wa uuguzi,
Wakongo waliovuka kuja kununua magodoro.
Ya pili bure! anasema mwanangu wa kwanza.
Ya pili bure, na mrija! anajibu wa pili.

Bei ilianza elfu nne.
Huteremka saa tisa usiku,
maana huko inakotoka kumeshakucha
na mtu asiyejua Mwanga iko upande gani wa ziwa
ameketi na kikokotoo.
Simu inatetemeka chini ya mto. Bukuru anasoma: elfu mbili.
Dakika tano hazijaisha, ya Butoyi: elfu moja mia tisa.
Kitanda ni kimoja. Wanapeana migongo,
kila mmoja ameufunika mwanga wa simu kwa kiganja,
siri ya kampuni.

Nilionja, nisije nikaitwa mshamba.
Kikombe kirefu chenye kifuniko,
chini punje nyeusi zimelala kama mayai ya chura.
"Lulu hizo, mama. Zinatoka mbali."
Nikatafuna. Nikatafuna tena.
Miaka thelathini na moja natwanga muhogo,
nimeuloweka, nimeuanika juu ya bati, nimeufukuzia kuku.
Sukari hainidanganyi.
Mwanangu, huu ni muhogo.
Umezunguka dunia ukarudi umevaa nyeusi
kama mjane ambaye hakuna aliyempa pole.

Kahawa yenyewe sikuiuliza kwao.
Baba aliilima Kalinzi, kwenye mteremko,
akaiuza kwa kilo mpaka mgongo ukakataa kunyooka.
Nyumbani tulikunywa chai.

Jioni nawasha mkaa mbele ya mlango:
kahawa chungu, kikombe mia mbili, bei ya mwaka juzi.
Siku moja akaja bwana Liang wa Taji, akakaa benchini.
Akaja Bi Qiu wa Mbayuwayu,
akatazama kulia, akatazama kushoto, akakaa.
Nikawamiminia. Hawakusalimiana.
Bi Qiu alikunja uso, kisha akanyoosha kikombe niongeze.
Liang, kwa Kiswahili chake cha miezi minane:
"Mama, wewe shusha bei lini?"
Nikamwambia mimi sina wa kunipigia simu saa tisa.
Akacheka. Ikapita kitambo,
akacheka na mwenzake, amejiziba mdomo.

Fulana nazifua Jumapili, karai moja,
maji yenyewe ya kununua.
Nyekundu ikachuja.
Ya buluu ikatoka zambarau makwapani,
na Butoyi akakatwa elfu tano
kwa kuvaa rangi ya mshindani.

Mwezi wa tatu Mbayuwayu waliteremsha bango.
Mafundi wawili, ngazi moja, nusu saa.
Bi Qiu alipita kuniaga, akalipa vikombe viwili, akanywa kimoja.
Butoyi alirudi na mfuko wa mirija minene,
mia mbili hivi. Ndicho kiinua mgongo.
Ameiweka uvunguni, hajui ni ya nini.

Kulipokucha, Taji: elfu nne na mia tano.
Hakuna ya pili, hakuna bure.

Nimepita pale leo na bakuli moja la chakula.
Bukuru yuko mlangoni, karatasi mkononi.
"Chai ya maziwa!" anaita,
halafu ananyamaza, macho ng'ambo,
kwa muda ule ule
ambao ndugu yake angeutumia kumjibu.